Barabara ya Mashariki: Hija na Sanaa Kati ya Mbale na Namugongo

Vitabu vingi vinavyosimulia habari za Mashahidi wa Uganda hufungua ukurasa wa kwanza ikulu Mengo, mbele ya Kabaka Mwanga. Kwa maoni yangu wanaoandika hivyo wanaanzia katikati. Mkasa ulianzia mashariki, ng'ambo ya Mto Nile, katika nchi ya Bunya huko Busoga, alikotawala chifu Luba.

Hapo ndipo aliposhikwa Askofu James Hannington, tarehe 21 Oktoba 1885. Alikuwa Mwingereza, aliyewekwa wakfu mwaka mmoja tu kabla kuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa eneo lililoitwa Afrika ya Mashariki ya Ikweta. Alikuwa ametoka pwani, Rabai karibu na Mombasa, akakatiza nchi ya Wamasai badala ya kuzunguka kusini mwa Ziwa Victoria kama walivyofanya wenzake. Hakujua, au alijua akapuuza, kwamba Buganda ilikuwapo imani ya siku nyingi kuwa watakaoiteka nchi watatokea mashariki. Mwanga alituma neno kwa Luba. Baada ya siku nane kizuizini, tarehe 29 Oktoba, Hannington aliuawa pamoja na msafara wake. Wapagazi wapatao 50 waliingia naye Busoga. Walionusurika ni wachache mno.

Niwataje kidogo wapagazi hao, kwa sababu wengine hawafanyi hivyo. Kalenda ya Kianglikana humkumbuka Hannington "na wenzake" kila tarehe 29 Oktoba, basi. Hao wenzake ni watu waliobeba mizigo kutoka pwani yetu, wakafa kwa shauri lisilokuwa lao. Jina la askofu limepewa makanisa na shule, ilhali majina yao hayajachorwa kwenye kioo cha kanisa lolote ninalolijua.

Ikulu kwa Mwanga, mtumishi wake Yusufu Balikuddembe alimkemea mfalme kwa kumwaga damu ya mgeni. Akauawa tarehe 15 Novemba, wa kwanza kati ya Wakatoliki 22 waliokuja kutangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Katika hao 22 wamo Wasoga wawili. Mathia Mulumba Kalemba alizaliwa Bunya hiyohiyo ya Luba, akatekwa utotoni na wavamizi wa Kiganda na kukulia ugenini hadi akawa mtu wa cheo huko Ssingo. Gonzaga Gonza alitoka Bulamogi, kaskazini mwa Busoga, naye pia aliingia Buganda akiwa mateka. Mwezi Mei 1886 wafungwa walipotolewa Munyonyo kupelekwa Namugongo kuuawa, walikwenda kwa miguu katika minyororo. Simulizi lasema pingu zilimla Gonza miguu hadi akashindwa kupiga hatua, wakamchoma mikuki palepale njiani. Hakufika Namugongo. Mulumba naye hakufika: alikatwakatwa viungo huko Kampala ya Kale akaachwa afe polepole, na ilimchukua siku tatu.

Basi mtu wa Jinja anayekwenda kuhiji Namugongo mwezi Mei anamalizia safari ambayo ndugu zake wawili hawakuimaliza. Neno hili sijalisikia likihubiriwa vya kutosha.

Na safari ya namna hiyo huacha sanaa njiani. Mwaka 1923 mwanahistoria wa sanaa wa Kimarekani, Arthur Kingsley Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa kitabu cha majuzuu kumi kuhusu sanamu za makanisa ya Zama za Kati. Juzuu moja ilikuwa maandishi, tisa zilizobaki zilijaa picha. Wakati huo wataalamu wa Ufaransa na Hispania walikuwa wanabishana nani alianza kuchonga sanamu hizi na nani aliiga, kila mmoja akivutia kwao. Porter akawaambia waache kutazama mipaka ya nchi na watazame barabara. Mahujaji wa karne ya 11 na ya 12 walikuwa wanatembea kutoka Ufaransa kwenda Santiago de Compostela, kaburini kwa Mtume Yakobo, na katika njia hiyohiyo walipita mafundi mawe, fedha, nyimbo na mitindo. Sanaa ilizaliwa njiani, kisha ikagawanyika huku na huku.  

Baadhi ya hoja zake zimerekebishwa tangu hapo, lakini swali lake bado ni zuri: barabara hii imezaa sanaa gani? Nami naliuliza kuhusu barabara inayotoka Mbale.

Kutoka Mbale hadi Namugongo ni zaidi ya kilomita 200. Kundi linalotembea kwa mpango huchukua wiki moja hivi, wengine zaidi, kutegemea wazee na watoto waliomo. Njia ya kawaida hushika Kamonkoli, Budaka na Tirinyi, kwenye mabonde ya mpunga, ikaingia Namutumba na kutokea barabara kuu karibu na Iganga. Kutoka hapo kuna mashamba ya miwa ya Kakira, halafu Bugembe, halafu Jinja. Usiku watu hulala parokiani, madarasani, au kwenye varanda la kanisa. Mbele hutangulia msalaba na bendera yenye jina la parokia, nyuma hufuata gari dogo lenye magodoro, sufuria na waliovimba miguu. Rozari husaliwa kwa zamu ya lugha: Kigisu, Kiteso, Kijopadhola, Kisoga, na pale wote wanapotaka kuitikia pamoja, Kiganda au Kiingereza. Kiswahili husikika zaidi pembeni, kwa askari wa barabarani na wauza chai.

Jinja ndipo mto unapovukwa. Tangu 1954, mwaka ambao Malkia Elizabeth II alifungua bwawa la Owen Falls, ambalo leo ni Nalubaale, watu walivukia juu ya bwawa hilo. Tarehe 17 Oktoba 2018 lilifunguliwa daraja jipya la nyaya lenye urefu wa mita 525, na huwezi kulipita bila kuinua uso. Katika njia ya Santiago upo mji mzima uliotokana na daraja, Puente la Reina, kwenye daraja la mawe lililojengwa karne ya 11 ili mahujaji wavuke Mto Arga. Madaraja yetu yalijengwa kwa ajili ya umeme na malori. Lakini nimeona mahujaji wakifika ukingoni, wakipunguza mwendo, wakibadili wimbo, na wengine wakipiga ishara ya msalaba kabla ya kukanyaga upande wa pili, Njeru. Mhandisi hakuliweka hilo kwenye ramani yake, ila limo katika matumizi ya daraja, na mwanahistoria wa sanaa asiyeandika matumizi anaandika nusu ya kazi.

Upande wa Jinja, kundi moja lilipokuwa limeketi kivulini, nilimwona mama mmoja kutoka Budaka akiwa amefunga jerikeni la manjano mgongoni kwa leso. Lilikuwa la lita tano, la mafuta ya kupikia, na lilikuwa tupu.

"Mama, pole na safari. Jerikeni hilo ni la nini?"

"Asante, mwanangu. Ni la maji ya Mashahidi. Nikirudi bila maji, jirani zangu watasema niliishia Iganga."

Jibu lile lilinipeleka moja kwa moja kwenye kabati la makumbusho. Kusini-magharibi mwa Alexandria, nchini Misri, yapo magofu ya Abu Mina, mahali pa kaburi la shahidi Mena, askari aliyeuawa kwa imani yake. Kati ya karne ya 5 na ya 7 palikuwa miongoni mwa vituo vikubwa kabisa vya hija katika ulimwengu wa Kikristo. Wafinyanzi wa hapo walitengeneza chupa ndogo za udongo kwa maelfu: bapa, zenye shingo fupi na vishikio viwili, za kuenea kiganjani. Ubavuni mwa chupa kuna Mena amesimama, mikono ameinua katika sala, na kila upande wake ngamia ameinamisha kichwa hadi miguuni pake. Ukigeuza chupa unaona kovu la mshono, pale nusu mbili za udongo zilizokandamizwa kwenye kalibu zilipounganishwa. Kazi ilikuwa ya haraka, mara nyingi uso wa Mena umefutika kwa kuwa kalibu ilikuwa imechakaa. Haikuwa anasa. Ilikuwa ya kubebea maji au mafuta ya patakatifu kwenda nyumbani, na ya kuonyesha kwamba mwenyewe alifika. Chupa za Mena zimechimbuliwa hadi Uingereza.

Kwa hiyo anayekuambia kwamba sanaa ya hija ya Kikristo ni jambo la Ulaya lililoletwa Afrika na wamisionari, mwonyeshe chupa hiyo. Kazi hii ilifanywa Afrika karne nyingi kabla ya vichupa vya hija vya Canterbury, Uingereza.

Canterbury nayo ilikuja kufanya vilevile. Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa ndani ya kanisa lake tarehe 29 Desemba 1170, na wauaji walikuwa askari wapanda farasi wa mfalme waliomsikia bwana wao akimlalamikia. Watu walipangusa damu sakafuni kwa nguo zao. Watawa wakaichanganya na maji, kidogo kidogo, na maji hayo yakauzwa katika vichupa vya bati na risasi vilivyovaliwa shingoni. Miujiza iliyosemwa kutendeka iliandikwa na watawa wawili waliopewa kazi hiyo, kisha ikachorwa kwenye vioo vya rangi vya kikanisa cha Utatu, na humo, miongoni mwa mabwana na mabibi, wamo maskini, watoto na mafundi. Mwaka 1220 mifupa ya Becket ilihamishwa kutoka kaburi la chini hadi jukwaa la dhahabu na vito. Mwaka 1538 Mfalme Henry VIII akaliharibu lote.

Kuhamisha mifupa kulikuwa ibada kamili katika Zama za Kati, yenye tarehe yake, maandamano yake na sanaa yake. Afrika Mashariki nayo inayo habari ya namna hiyo, na imesahauliwa. Mifupa ya Hannington haikutulia Busoga. Ilihamishwa hadi kwa Mumia, magharibi mwa Kenya ya leo, ikazikwa huko, kisha Askofu Alfred Tucker akaichukua na kuizika Namirembe tarehe 31 Desemba 1892. Kwa hesabu ya Canterbury, utakatifu ungehama pamoja na mifupa, na Busoga ingebaki bila kitu. Haikuwa hivyo. Waanglikana bado wanakwenda Kyando, katika wilaya ya Mayuge, mahali alipouawa. Ardhi ilikataa kunyang'anywa kumbukumbu yake.

Namugongo kwenyewe pia ni habari ya ardhi. Kanisa la Kikatoliki lilisanifiwa na Justus Dahinden, Mswisi, likawekwa wakfu mwaka 1975: la duara, paa lake likichongoka kama nyumba ya kiasili ya Kiganda, na nguzo 22 kulizunguka. Altare iko pale palipowaka moto uliomwunguza Karoli Lwanga, mmoja wa hao 22, tarehe 3 Juni 1886. Ni jengo zuri, na napenda jinsi linavyoonekana kutoka mbali. Lakini wajenzi wa makanisa ya hija ya Zama za Kati, kama yale ya Toulouse na Conques huko Ufaransa, walikuwa na ujuzi ambao Dahinden hakuutumia: walijenga ujia unaozunguka nyuma ya altare, ili mahujaji waingie mlango mmoja, wapite karibu na masalia na watoke bila kuvuruga misa. Walijenga kwa kufikiria miguu. Namugongo lilijengwa kwa kufikiria viti. Ndiyo maana tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi, misa kuu haiwezi kufanyiwa ndani. Hufanyiwa nje, kwenye altare iliyo katikati ya bwawa, watu wakiwa wameketi kwenye mteremko pande zote. Na bwawa hilo ndilo kisima cha mama wa Budaka. Baada ya misa majerikeni hushuka majini kwa mamia.

Upande wa Waanglikana, umbali mfupi kutoka hapo, kuna makumbusho yenye sanamu za ukubwa wa mtu zinazoonyesha mateso: wauaji, matita ya matete, vijana waliofungwa, miali iliyopakwa rangi. Wasomi wenzangu huziona za kitoto. Mimi nazitetea. Aliyechonga Hukumu ya Mwisho juu ya mlango wa Conques, mashetani wakimsukuma mwenye dhambi mdomoni mwa mnyama, alikuwa akisema na watu wasiosoma, waliochoka, waliotembea siku nyingi. Alitaka washtuke. Fundi wa Namugongo anawasemesha watu walewale kwa njia ileile, na wanashtuka kweli. Nimewaona wazee wakivua kofia mbele ya saruji iliyopakwa rangi.

Halafu ipo picha. Mswisi mwingine, Albert Wider, aliwachora watakatifu wote 22 kwa pamoja mwaka 1962, miaka miwili kabla hawajatangazwa. Picha hiyo na nakala zake zimekwenda kila mahali: kalenda, kadi za sala, fulana, mabango ya parokia na vitenge vinavyoshonwa sare kwa ajili ya hija. Kwenye kitenge, sura za watakatifu huzungushiwa duara na kurudiwa hadi mwisho wa nguo, nazo hukatwa na mshonaji popote mkasi ulipopita. Nimeona Mulumba aliyegawanywa na pindo la shingo. Mwanahistoria wa sanaa wa Kijerumani, Hans Belting, alionyesha katika kitabu chake cha 1990 kwamba kabla sanaa haijawa kitu cha kutazamwa kwa uzuri wake, picha takatifu ilikuwa kitu cha kutumiwa: kubusiwa, kubebwa, kuombewa. Soko la Mbale mwezi Mei halihitaji kufundishwa hilo.

Nikiishia hapa nitakuwa nimedanganya kwa kunyamaza, kwa sababu watu wa nchi hii hawakungoja Ukristo ndipo waanze kuhiji. Panda kaskazini kutoka Mbale kwa barabara ya Soroti hadi Kumi, halafu shika ya Ngora. Utaiona miamba ya Nyero imesimama juu ya tambarare. Kwenye kuta za mapango yake kuna michoro ya rangi nyekundu: duara ndani ya duara ndani ya duara, maumbo marefu yanayofanana na maganda ya mgunga, mistari sambamba. Hakuna mtu wala mnyama wa kutambulika haraka. Catherine Namono, mtafiti wa Uganda aliyeisomea michoro hii katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, anaihusisha na jamii za wawindaji wa msituni, wa asili moja na Watwa wa leo, walioishi hapa kabla ya Waiteso kuingia. Waiteso hawakuichora. Hata hivyo, walipofika waliitambua miamba kuwa mahali pa kuombea, wakawa wanaleta pombe na chakula wakiomba mvua na watoto. Watu walisali mbele ya picha ambazo wachoraji wake walikuwa wamekwishaondoka, na maana yake haikuwa tena mikononi mwa mtu. Huko Roma, Wakristo waligeuza hekalu la Pantheon kuwa kanisa mwaka 609, na kila mwongozo wa watalii husimulia. Nyero imewekwa kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu 1997, na bado inasubiri.

Jinja nayo ina ya kwake. Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa kwenye chanzo cha Nile, na mwaka 1997 Waziri Mkuu wa India, I. K. Gujral, alizindua sanamu yake hapo; Wahindu huja kuipa heshima. Kilomita chache kushuka mto yalikuwapo maporomoko ya Budhagaali, makao ya roho inayoheshimiwa na Wasoga. Yalifunikwa na maji ya bwawa la megawati 250 lililofunguliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo kulikuwa na mabishano makali: je, roho inaweza kuhamishwa kwa matambiko, au haina mahali pengine? Wapo waliofanya matambiko ya kuihamisha, na wapo waliosema mahali si mzigo wa kubebwa. Ni swali lilelile la mifupa ya Hannington, ila safari hii mwenye fedha ndiye aliyetaka jibu, tena upesi.

Ninachoomba ni kidogo. Alama za mahujaji wa Zama za Kati, vile vipande vya risasi na bati vyenye kichwa cha Becket au kombe la Yakobo, tunavijua leo kwa sababu vingi vilianguka au vilitupwa Mto Thames na tope likavihifadhi. Vimeokotwa na kuwekwa katika makumbusho ya London, na vimebadilisha kabisa tunayoyajua kuhusu dini ya watu wa kawaida. Waliovitupa hawakudhani vina thamani. Sisi tunafanya vilevile na fulana za hija, mabango ya parokia, beji za 1964, kadi za ziara ya Papa Paulo VI ya 1969, vitenge vya mwaka huu na vya mwaka jana. Plastiki haihifadhiwi vizuri na tope, na fulana ya pamba huishia kuwa kitambaa cha kudekia.

Jimbo la Jinja na Jimbo Kuu la Tororo yana ofisi, yana makabati, yana makatibu. Kila parokia itenge sanduku moja, iweke humo kitu kimoja kwa kila hija, iandike tarehe, jina la kigango na njia iliyopitwa. Makumbusho ya Uganda pale Kampala, na yale ya Soroti yaliyo karibu zaidi na Mbale, yaombwe kupokea nakala. Na wewe msomaji, kama bibi yako aliwahi kutembea hadi Namugongo, muulize alilala wapi, alikula nini, na alirudi na nini mkononi. Yaandike majibu yake. Kama jerikeni bado lipo uvunguni, usilitupe.